Usiguse Shina Peke Yako

Madam hakuanza siku kwa kuuliza habari za nyumbani. Ukiingia chumbani, hata kama viatu vyako vimebeba tope lote la barabara, hata kama umetoa shikamoo kwa adabu zote, yeye alijibu marahaba bila kugeuka, kisha akauliza, "Umevuta?"

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya kanisa hapa Tarime mjini, na mchungaji aliyetuazima alikuwa na mazoea ya kupita karibu na dirisha. Siku moja alisikia vijana wakiulizwa swali hilo mmoja baada ya mwingine, na wote wakijibu, "Bado, Madam, ndiyo nataka kuvuta." Akamwita nje. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, watoto hawa wanavuta nini humu ndani?" Kwa wilaya yetu, inayosifika kwa bangi, hilo si swali la mzaha. Madam akamweleza kwamba kuvuta ni kuishusha kwenye kompyuta yako kazi waliyoifanya wenzako tangu ulipoondoka, ili usije ukajenga juu ya kitu cha juzi. Mchungaji akaomba tutafute neno lingine. Madam akakataa. Alisema neno ni zuri, na kama lina aibu kidogo ndiyo vizuri, watu hawatalisahau.

Tulimwita Madam kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, na huko shuleni mwalimu wa kike ni Madam. Hata wasiopita mikononi mwake darasani walimwita hivyo. Madereva walimwita hivyo. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia maandazi alimwita hivyo huku akimzidi umri.

Kazi yetu ilikuwa ya kujitolea. Vijiji vingi huku, kuanzia Susuni mpakani hadi Busawe na Kisaka upande wa Serengeti, viko mbali na hospitali, na mjamzito uchungu ukimwendea vibaya hawezi kungoja gari la wagonjwa ambalo saa hiyo liko kwingine. Lakini wapo watu wenye gari dogo, wenye bajaji, wenye pikapu za kubebea ndizi, waliokubali kuitwa wakati wowote. Programu yetu ndiyo iliyowaita. Ndugu au muuguzi anaandika meseji yenye jina la kijiji. Programu inamtafuta dereva wa karibu na kumpelekea ujumbe. Asipojibu inangoja kidogo, halafu inamtafuta wa pili. Ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta moja pembeni mwa chumba, iliyofunikwa kitambaa cha meza kuzuia vumbi, na hakuna aliyeruhusiwa kuizima.

Haikuwa programu kubwa. Ubaya wake ni kwamba iliandikwa na watu wengi waliokuja na kuondoka. Wanafunzi wa vyuo walikuja likizo. Waliomaliza kidato cha sita walikuja wakingoja matokeo. Mmoja alikuja kwa sababu mama yake alitaka atoke nyumbani. Kila mmoja aliongeza kitu, akarekebisha kitu, akavunja kitu, akaenda zake.

Madam alichora mti ubaoni, akauacha hapo bila kufutwa. Shina, alisema, ni ile kazi inayotumika kweli, inayowaita madereva sasa hivi. Tawi ni nakala yako mwenyewe, jaribu humo, haribu humo, hakuna atakayekufa. Kazi ya tawini ikishakomaa ndipo inarudishwa kwenye shina. Alieleza hivyo kwa kila mgeni, kwa maneno yaleyale, akipuliza chaki vidoleni. Na kila mgeni aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa karibu na mtu fulani, akafanya kama anavyofanya yule mtu.

Hilo ndilo lililokuwa likimmaliza. Kila mmoja wetu alikuwa na njia yake. Wapo waliofanya kazi nyumbani, wakaileta kwenye flashi, wakaimwaga juu ya iliyokuwepo. Wapo waliotumiana mafaili kwenye kundi letu la simu, moja linaitwa "mpya", lingine "mpya kabisa", lingine "hii ndiyo", na hakuna aliyejua ni ipi. Wengine hawakujisumbua na matawi, waliandika kwenye shina moja kwa moja. Mimi nilifuata njia ya Madam, lakini kwa uoga zaidi kuliko kwa kuelewa. Na alipokuja Ouma kutoka Sirari, ambaye nusu ya ukoo wao uko ng'ambo, Kenya, alikuja na njia nyingine tena.

"Madam, hii mambo yenu ni ya kizamani," Ouma alimwambia wiki ya kwanza. Alikuwa kijana mpole, lakini mpole mwenye uhakika. "Binamu yangu Nairobi wako na tawi la kazi, tawi la majaribio, tawi la kutoa kazi, na lingine la dharura. Kila kitu iko na mahali yake."

"Wako wangapi hapo kwa binamu yako?"

"Wengi. Ghorofa nzima."

"Sisi ni hawa unaowaona. Na nusu yao wataondoka shule zikifunguliwa."

Ouma alicheka, akaendelea na njia ya binamu yake. Wawili watatu wakamfuata, kwa sababu alikuwa anajua kuliko sisi na hakuwa mchoyo wa kufundisha.

Ukimsikia Madam akimsema mtu kuhusu maelezo ya mabadiliko ungedhani ameibiwa ng'ombe. Programu nyingine tuliyotumia, ya kutunza matoleo ya kazi yetu, inakutaka uandike maneno machache kila unapohifadhi kazi, useme umefanya nini. Ouma aliandika neno moja tu la Kiingereza, maana yake "nimerekebisha". Madam alimwita mbele ya wote.

"Umerekebisha nini?"

"Ile shida, Madam."

"Mura, kijana wangu, hata mganga akikutibu anakuambia amekutoa nini tumboni. Andika sentensi. Nimebadilisha hiki, kwa sababu hii. Anayekuja baada yako hakujui, na wewe hutakuwepo."

Halafu baada ya kumsema mtu hivyo, alimletea uji. Alikuwa na chupa kubwa ya chai ambayo haikuwahi kuwa na chai, ilikuwa na uji wa mtama, na ukimwona anakumiminia kikombe ujue anajuta. Alikuwa na hasira ya haraka na huruma ya haraka zaidi, na nimefikiri mara nyingi kwamba huruma yake ilituharibu kuliko hasira.

Maana alikuwa na tabia moja ambayo haikupatana kabisa na mafundisho yake. Alifika chumbani kabla ya watu wote, akakagua shina, na akikuta limevurugika alilirekebisha mwenyewe, peke yake, bila tawi, bila kumwambia mtu. Sisi tukija tunakuta mambo yako sawa. Tukadhani yako sawa. Nilimkuta siku moja amekunja mgongo mbele ya kompyuta, viatu amevua, anang'oa kazi ya mtu mstari kwa mstari. Nikamuuliza kwa nini asimngoje mwenyewe aje atengeneze.

"Atajisikia vibaya. Ni mgeni," alisema.

"Lakini Madam, hatajua kwamba aliharibu."

"Nitamwambia siku nyingine."

Hakumwambia.

Tulikutana mara nyingi ili tukubaliane njia moja. Sijui niseme nini kuhusu vikao hivyo zaidi ya kwamba vilichosha. Ouma alitetea matawi yake. Waliozoea kuandika kwenye shina walisema sisi ni wachache, urasimu wa nini. Mwingine alisema tuandike mwongozo. Madam akauandika, ukawa mrefu, na kila palipotokea tatizo aliongeza kipengele, hadi ukawa mwongozo ambao mgeni angehitaji likizo nzima kuusoma. Tulipomwomba yeye aamue tu, aseme njia ni hii na basi, alikataa.

"Mimi si chifu wenu," alisema. "Njia ya kulazimishwa mtaiacha siku nikiugua. Semezaneni mpaka mkubaliane."

Tulisemezana. Mvua ilipiga bati tukashindwa kusikiana, tukaenda nyumbani. Kikao kilichofuata tulianza upya, na nusu ya waliokuwepo walikuwa wageni wasiojua tulichobishania. Jioni moja, watu wakiwa wameshatoka, nilimwona Madam amesimama mbele ya ule mti wake wa ubaoni, chaki mkononi, hachori. Akasema bila kunitazama, "Robi, kila anayekuja anafundishwa na aliyemkuta. Na aliyemkuta hakufundishwa na mtu. Sasa nifanyeje?" Nilifagia chumba kwa sababu ndicho kitu nilichoweza.

Ester alikuja msimu wa mvua. Alitoka Busawe, alikuwa amemaliza kidato cha sita, anakaa kwa shangazi yake hapa mjini. Mtoto makini, asiyesema sana, mwenye mwandiko mzuri. Madam alimchorea mti, akamweleza, kisha Ester akakaa karibu na Ouma kwa sababu ndipo palipokuwa na kiti.

Siku chache kabla ya hapo dereva wetu wa Susuni, Marwa, alikuwa amepoteza simu na kusajili laini mpya. Alimpigia Madam, na Madam akabadilisha namba yake kwenye shina. Niliona. Aliandika sentensi yake kama alivyotutaka sisi tuandike: nimebadilisha namba ya dereva wa Susuni kwa sababu laini ya zamani haipo tena.

Ester alikuwa amepewa kazi ndogo, kusahihisha majina ya vitongoji yaliyoandikwa vibaya. Alifanya vizuri. Lakini nakala aliyokuwa nayo ilikuwa ya kabla ya namba ya Marwa kubadilishwa, na alipotaka kuipeleka kwenye shina kompyuta ikamkatalia, ikimwambia kwa Kiingereza kirefu kwamba shina lina kitu ambacho yeye hana. Akamuuliza Ouma. Ouma alikuwa na kazi yake mbele, hakuinua macho.

"Ikikataa, lazimisha," alimwambia, akamtajia amri ya kulazimisha.

Jioni ile Ester akalazimisha. Majina ya vitongoji yakaingia, yamenyooka. Namba mpya ya Marwa ikafutika, ya zamani ikarudi mahali pake. Hakuna aliyeona. Kesho yake ilikuwa siku ya mitihani shuleni kwa Madam, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, hakuja kukagua.

Mchana huohuo meseji iliingia kutoka Susuni, ya mama mwenye uchungu. Programu ikampelekea Marwa ujumbe kwenye laini iliyokufa. Ikangoja. Ikatuma tena, ikangoja, kama tulivyoifundisha. Halafu ikamtafuta wa pili, ambaye alikuwa Sirari, na mvua ilikuwa imeshaikata barabara, ikabidi azunguke. Alipofika, yule mama alikuwa amevuja damu sana. Hospitali walimwokoa. Mtoto hawakumwokoa.

Marwa alikuwa sokoni Susuni muda wote huo, amekaa ndani ya gari lake akingoja mvua ipungue. Kutoka sokoni hadi ile nyumba ni mwendo wa kwenda kwa mguu. Simu yake mpya ilikuwa mfukoni, ina chaji, ina mtandao. Aliposikia alikuja hapa chumbani, akaiweka mezani mbele ya Madam, akasema, "Itazame. Haikulia." Kisha akaiacha hapo na kutoka, ikabidi nimkimbizie.

Madam alifungua historia ya shina. Ile programu ya kutunza matoleo haisahau, inakuonyesha nani aliweka nini na saa ngapi. Alisoma, mimi nikiwa nyuma yake, na tuliona wote wawili jina la Ester. Alifunga kompyuta taratibu.

"Kesho twende Susuni," alisema.

Tulienda. Nyumba ilikuwa ndani ya migomba, imesafishwa uwanja kwa sababu ya watu waliokuja. Mume wa yule mama alitupokea. Alikuwa kijana, labda rika langu, na mama yake mzazi alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda. Mkewe alikuwa bado hospitali. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo.

Yule kijana aliingia ndani, akatoka na simu yake.

"Madam, naomba uniangalizie," alisema. "Mimi darasa la saba sikumaliza. Ninaona labda niliandika vibaya ndiyo maana gari halikuja." Akamwonyesha ile meseji. "Susuni nimeiandika hivi. Ni sawa?"

Madam aliishika ile simu kwa mikono miwili. Alichukua muda mrefu kusoma neno moja.

"Umeandika sawasawa, baba," alisema. "Herufi zote. Kosa ni letu. Mashine yetu ilikuwa na namba mbaya, na sisi ndio tulioiweka."

"Kwa hiyo niliandika vizuri."

"Uliandika vizuri."

Akageuka, akamwambia mama yake kwa Kikurya kwamba aliandika vizuri, kwamba siyo yeye. Yule mama akaanza kulia hapo, kwa sauti. Nilielewa kwamba tangu siku ile kijana alikuwa akijihesabia kifo cha mtoto wake, na pengine wengine pia walikuwa wakimhesabia. Hakuuliza nani kati yetu. Hakutulaani. Alitusindikiza hadi barabarani kama wageni, na Madam alitembea mbele yangu akiwa ameshika kanga yake kifuani.

Ester hakurudi tena. Aliyemwambia sijui ni nani, mji huu ni mdogo. Alirudi Busawe, na Madam alimfuata huko zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho nilikuwa naye. Mama wa Ester alitutolea viti, akatupa maziwa mgando, akasema binti yuko kisimani. Tulikaa mpaka jua likapungua. Tuliona kanga ikipita nyuma ya ghala, na Madam aliiona pia. Akainuka, akamwambia yule mama, kwa sauti ya kutosha kufika ghalani, "Mwambie sikumwekea ukuta pale pa kuangukia. Mwambie mwenye kosa ni aliyepaacha wazi."

Kikao baada ya hapo hakikuwa kama vile vingine. Madam alifuta ule mti ubaoni, ubao ukabaki mtupu, akakaa chini kwenye kiti. Hatukuwa tumezoea kumwona amekaa. Ouma akasimama.

"Mimi ndiye nilimfunza," alisema. "Nilimwambia alazimishe. Hata sikuangalia."

"Nami ndiye niliyekuacha ufundishe unavyotaka," Madam alisema. "Keti."

"Mimi naacha, Madam."

"Ukiacha, nani atamwambia anayekuja kwamba asilazimishe? Keti, mura."

Akaketi. Tulikubaliana siku hiyo, tena haraka, kwa unyonge. Ouma mwenyewe ndiye aliyeyaacha matawi ya binamu yake. Njia ikawa moja, ya kumweleza mgeni kwa pumzi moja: vuta kwanza, fanya kwenye tawi lako, andika sentensi, mpe mwenzako asome, na akishasema ameelewa ndipo iingie kwenye shina. Kulazimisha kukafungwa kabisa. Na mgeni wiki ya kwanza haandiki chochote, anasoma kazi za wenzake na kuuliza. Shina tulilitia kufuli, kwamba mashine yenyewe isikubali kitu kisicho na mtu wa pili, awe nani awe nani. Ouma aliuliza, "Hata wewe, Madam?" Akasema, "Hasa mimi."

Ilimuuma. Ningependa kusema alilipokea vizuri lakini hapana. Wiki ileile alikuja asubuhi kama kawaida yake, akaona kasoro, akairekebisha, na mashine ikamkatalia. Akanipigia simu nikiwa shambani napalilia.

"Njoo usome kazi yangu."

"Madam, niko shamba. Nitakuja mchana."

"Ni mstari mmoja."

"Basi utangoja mchana."

Nilimkuta bado yuko palepale, amenuna, uji haujanywewa. Nilisoma ule mstari. Nikamuuliza swali, akanijibu kwa ukali, kisha akasema swali langu ni la kweli, akabadilisha. Hakunishukuru. Lakini tangu siku hiyo alianza kuniuliza mambo kabla hajayafanya.

Njia ile ilishika. Wageni waliokuja baadaye walijifunza kwa asubuhi moja na hawakuvunja kitu. Ungedhani hapo ndipo tulipopumua. Lakini watu waliendelea kuondoka kama walivyokuwa wakiondoka siku zote, na waliokuja wakawa wachache. Ouma alipata kazi Nairobi, na ghorofa yao haimpi nafasi. Mwanzoni alijibu meseji zangu, siku hizi nambari ile haipatikani. Wengine wako Mwanza, wengine Dar. Ikafika mahali tukabaki mimi na Madam, yeye anasoma yangu, mimi nasoma yake. Tulikuwa tukicheka kwamba sasa hakuna wa kubishana naye. Nilikuwa nacheka kwa hofu. Njia yetu ilihitaji watu wawili, na wawili ndio tuliokuwa nao.

Kiharusi kilimkuta darasani. Alipotoka hospitali wanawe walimpeleka Kisaka, kwa binti yake aliyeolewa huko, kwenye boma lenye ng'ombe na shamba la mihogo nyuma yake.

Nilimfuata mwezi uliopita. Nilibeba kompyuta yangu ndogo kwenye begi, nimeifunga ndani ya kanga. Marwa alikuwa ameuza gari lake, nami nilikuwa nimempata dereva mwingine wa Susuni, na wawili wapya wa vijiji viwili vya upande wa Serengeti vilivyobaki bila gari. Kazi ilikuwa imekamilika kwenye tawi langu. Ilibaki isomwe.

Nilimkuta amekaa kibarazani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilimwamkia. Alichelewa kuitikia, lakini aliitikia vizuri, na akanitambua. Maneno yake yalitoka moja moja. Tulizungumza habari za mji, za mchungaji, za mvua. Binti yake alipoingia jikoni nikafungua begi.

"Nimekuletea kazi, Madam. Ni ndogo."

Uso wake ulichangamka nikaona nimefanya vizuri kuja. Akavuta kiti kwa mkono wa kushoto.

"Soma," alisema.

Nilimsomea. Jina la kijiji, jina la dereva, namba. Cha pili. Cha tatu. Alifumba macho.

"Tena."

Nikasoma tena, polepole. Ndama alikuwa akilia bomani, nikangoja anyamaze, nikarudia mwisho.

"Tena."

Nilipomaliza mara hiyo alifumbua macho, akatazama mihogo.

"Sijaelewa," alisema.

"Ni namba za simu tu, Madam. Nimezipiga zote mwenyewe, zinaita."

"Najua ni namba. Ukifika ya pili, ya kwanza imeshatoka." Alishika kichwa upande mmoja. "Haikai."

"Haina neno. Wewe sema ndiyo, mimi nitabonyeza."

Alinigeukia. Sijawahi kumwona na macho yale, hata siku ya Susuni.

"Robi. Ndiyo yangu itakuwa ya nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba ninayo nenosiri lake, kwamba naweza kupitisha kwa jina lake na hakuna mtu duniani atakayejua. Nadhani alilijua hilo kabla sijalisema.

"Tafuta mwingine," alisema.

"Hakuna mwingine, Madam."

"Tafuta."

"Nimetafuta. Nimewapigia wote. Nilifika hadi kwa kina Ester, ameolewa, hataki kusikia."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia bei ya kitu asichoweza kununua. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima, na hakuinua mkono kuyafuta. Nikamfutia kwa ncha ya kanga. Binti yake akaleta maziwa, tukanywa, na hatukuizungumzia tena ile kazi. Nilipoaga alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akaubana kwa nguvu ambazo sikuzitegemea.

Mabadiliko yale hayajaingia kwenye shina hadi leo. Kila meseji inayoingia hunijia nakala kwenye simu yangu, na ikiwa ni ya Susuni, au ya vile vijiji viwili vingine, nampigia dereva mwenyewe kabla mashine haijaanza kumtafuta mtu ambaye hana gari tena. Simu naiweka kifuani nikilala, nikioga naiweka dirishani, shambani naifunga kwenye kanga. Wiki iliyopita ililia nikiwa kanisani katikati ya sala, nikatoka nikikimbia.